Nyutro ya Jenereta Ifungwe Wapi? Njia Tatu kwa Mwenye Jengo Nakuru, Kisumu na Magharibi

Jenereta imewekwa nyuma ya jengo, chini ya kibanda cha mabati. Kando yake fimbo ya shaba imegongwa ardhini hadi kimebaki kichwa tu, na waya wa kijani na manjano umebanwa hapo. Mwenye jengo ananiuliza, "Fundi, athi si hiyo hapo? Basi tumemaliza."

"Bado, mama. Fimbo nimeiona. Sasa nionyeshe nyutro ya hii mashine imefungwa wapi."

Mara nyingi jibu huwa kimya, na makala haya ni kwa ajili ya kimya hicho. Ukiwa na jenereta ya kusaidia jengo stima ikipotea, una njia tatu za kupanga nyutro (waya unaorudisha umeme kwenye chanzo chake) na athi (waya wa kinga unaounganisha vyuma vya vifaa na ardhi). Zote tatu utazikuta zikitumika kuanzia Section 58 ya Nakuru hadi Kondele ya Kisumu. Kila moja ina mahali pake, na kila moja ikiwekwa pasipo mahali pake inaweza kuua mtu.

Kwanza tuondoe imani moja. Watu wengi hudhani umeme ukivuja hukimbilia ardhini na kuishia huko. Hauishii. Ni kama ng'ombe wa jioni: kila kundi hurudi boma lake. Umeme uliotoka kwenye transfoma ya nguzoni hutafuta transfoma hiyo. Uliotoka kwenye koili za jenereta, yaani nyaya zilizoviringwa ndani yake, hutafuta koili hizo hizo. Udongo ni njia tu ya kupitia, na kwa kawaida ni njia mbovu.

Piga hesabu uone ubovu wake. Tuseme waya wa moto umegusa bodi ya chuma ya friji, na njia nzima ya kurudi kupitia udongo ina ukinzani wa omu 20. Volti 240 ukigawanya kwa 20 unapata ampia 12. Birika la umeme la wati 2,400 hula ampia 10. Kwa hiyo breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampia 32 inaiona hitilafu hiyo kama mtu aliyewasha birika jingine, nayo inatulia. Bodi ya friji inaendelea kubeba umeme mpaka mtoto aje kuchukua maziwa.

## Tutapima kwa nini

Nimechagua vigezo vinne, na nitavitumia kwa njia zote tatu. Cha kwanza ni njia ya kurudi: umeme uliovuja unafikaje kwenye koili za jenereta? Cha pili ni kukata: breka au RCD itakata, na kwa kasi gani? RCD ni kile kikata-umeme chenye kitufe cha kujaribia, kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Cha kulinda watu hukata tofauti ikifika miliampia 30. Cha tatu ni kinachoweza kuharibika baada ya fundi kuondoka. Cha nne ni gharama na kazi. Kisha nitasema njia inamfaa nani.

Kuna mambo mawili ambayo hayachaguliwi, njia iwe ipi. Jenereta ikilisha nyaya za jengo lazima ipitie chenjiova, yaani swichi isiyoruhusu stima ya nguzoni na ya jenereta kukutana. Ule waya wenye plagi mbili za kiume, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani, utupe leo. Umeme wake unarudi hadi nguzoni, na transfoma iliyokuwa ikishusha volti 11,000 hadi 240 sasa inapandisha 240 kuelekea 11,000, huku fundi wa laini akiwa juu akijua stima imezimwa. La pili, fremu ya jenereta, tangi la dizeli la chuma na mabomba ya chuma ya maji viunganishwe kwenye baa kuu ya athi ya jengo, yaani kipande cha shaba ambako nyaya za athi hukutana, ili mtu asiwahi kushika vyuma viwili vyenye volti tofauti.

## Njia ya kwanza: nyutro moja ya pamoja

Hapa chenjiova inabadilisha nyaya za moto peke yake: poli tatu kwa jengo la fezi tatu, poli moja kwa fezi moja. Fezi ni waya wa moto; poli ni sehemu ya swichi inayokata waya mmoja. Nyutro ya stima na nyutro ya jenereta zimeungana daima. Ndani ya jenereta nyutro haifungwi kwenye fremu. Kiungo cha nyutro na athi ni kimoja tu, na kiko upande wa stima.

*Njia ya kurudi.* Inategemea kiungo hicho kiko wapi na ni cha nani. Jengo lenye transfoma yake ndani ya uwanja, kama kiwanda au hospitali kubwa, huwa na kiungo kwenye bodi kuu (sanduku kuu la swichi za jengo), mita chache kutoka jenereta. Hapo umeme uliovuja hupita kwenye waya wa athi hadi bodi kuu, huvuka kiungo, hurudi jeneretani. Njia yote ni shaba, yote ni mali ya mwenye jengo.

Nyumba ya kawaida haiko hivyo. Majengo mengi huletewa moto na nyutro kutoka nguzoni, na athi mwenyewe hujichimbia. Kwa hiyo umeme uliovuja unashuka kwenye fimbo ya nyumba, unapita udongoni hadi athi ya transfoma ya mtaa, unapanda kwenye nyutro ya umma, unarudi nyumbani na ndipo unaingia jeneretani. Sasa fikiria sababu iliyokufanya uwashe jenereta. Labda mti umeangukia laini, labda transfoma imeondolewa kutengenezwa, labda shaba imeibiwa. Siku unayoihitaji njia hiyo ndiyo siku ambayo huenda imekatika.

*Kukata.* Kwenye jengo lenye transfoma yake, vizuri. Kwenye nyumba ya kawaida utegemee RCD tu, nayo ifanye kazi pale tu nyutro ya umma ikiwa nzima.

*Kinachoharibika.* Njia hii ina sifa moja ambayo wanaoilaumu husahau kuitaja: nyutro haipiti kwenye swichi yoyote, hivyo haiwezi kupotea kwa sababu swichi imechakaa. Udhaifu wake ni kwamba nyutro yako imeshikana na ya umma hata stima ikiwa imepotea, jambo lisilompendeza fundi wa laini. Na jenereta nyingi hutoka kiwandani na kiungo tayari kimefungwa kwenye boksi la nyaya. Fundi asipokiondoa, unapata viungo viwili, na hapo shida huanza.

Nimewahi kuitwa kwenye jengo la ghorofa Kisumu ambapo jenereta ilikuwa ikizima yenyewe kila wapangaji wakirudi jioni. Viungo vilikuwa viwili, kimoja jeneretani na kingine kwenye bodi ya jengo. Umeme wa kawaida wa nyutro ulikuwa ukigawanyika, sehemu ikipita kwenye waya wa athi na mabomba. RCD ya jenereta iliona kinachotoka hakilingani na kinachorudi, ikakata, kama ilivyoundwa kufanya. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshalitafutia dawa: aliiruka RCD ya jengo kwa waya, na ya jenereta alikuwa amepanga kuiondoa wiki hiyo. Niliumia sana kuona hivyo. Kifaa kilikuwa kinapiga kelele kwamba kuna kosa, na mtu akaamua kukiziba mdomo, huku ghorofa nzima ikiwa na watoto. Kuondoa kiungo kimoja kulichukua chini ya nusu saa.

*Gharama.* Ndiyo rahisi kuliko njia ya pili. Swichi ni ndogo, kazi ni chache.

*Inamfaa nani.* Mwenye transfoma yake, na kiungo kimoja kinachojulikana kilipo. Kanuni za BS 7671 za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa Kenya walisomea, zinataka jenereta inayochukua nafasi ya stima ya umma isitegemee athi ya mtandao wa umma, bali iwe na yake.

## Njia ya pili: jenereta inayojitegemea

Chenjiova hubadilisha nyaya za moto pamoja na nyutro: poli nne kwa fezi tatu, poli mbili kwa fezi moja. Nyutro ya jenereta inafungwa kwenye athi palepale jeneretani, mahali pamoja tu, na jenereta ina fimbo yake. Ikiwaka, jengo linaachana kabisa na nguzo.

*Njia ya kurudi.* Fupi na yako mwenyewe, lakini kwa sharti ambalo wengi hulikosa. Waya wa athi lazima utoke kwenye fremu ya jenereta hadi baa kuu ya athi ya jengo, wa shaba, unene unaolingana na kebo. Ukiweka fimbo jeneretani na fimbo nyingine nyumbani bila waya kati yao, umerudi kwenye udongo na zile ampia 12. Fimbo si mbadala wa waya huo. Kazi ya fimbo ni kuiweka nyutro karibu na volti ya ardhi na kusaidia radi ikipiga. Kazi ya kukata ni ya waya.

*Kukata.* RCD inafanya kazi sawasawa. Breka, tahadhari. Transfoma ya mtaa inaweza kusukuma mamia ya ampia kwenye hitilafu, lakini jenereta ina pumzi fupi. Chukua ya kVA 20 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) yenye fezi tatu: umeme wake kamili ni takriban ampia 28 kwa kila fezi. Kwenye hitilafu, jenereta nzuri hushikilia karibu mara tatu ya hapo kwa sekunde chache, yaani ampia 84. Breka ya ampia 32 ya aina ya C huhitaji kati ya 160 na 320 ili ikate papo hapo. Kwa hiyo breka iliyokuwa ikikata haraka kwenye stima inaweza kuzubaa kwenye jenereta. Ndiyo maana RCD kwenye njia hii si pambo.

*Kinachoharibika.* Poli ya nyutro. Kwenye fezi tatu, nyutro ikikatika huku mizigo ikiwa imewashwa, nyumba yenye mzigo mdogo inaweza kupata volti zinazokaribia 415 badala ya 240, na televisheni, friji na chaja zote zinaungua kwa dakika moja. Kwa hiyo usinunue poli nne ya kuokota. Inunuliwe ile ambayo nyutro hushika kabla ya nyaya za moto na kuachia baada yake, na skrubu zake zikazwe tena kila mwaka.

Ukiwa na inveta ya sola kwenye jengo hilo hilo, mwambie fundi kabla hajaanza. Baadhi ya inveta hujifungia nyutro na athi zenyewe stima ikipotea, na bila kujua utakuwa na viungo viwili.

*Gharama.* Zaidi ya njia ya kwanza: swichi kubwa, fimbo na kupimwa kwake, na waya mnene wa athi. Ukizika waya huo bila kinga ya mikwaruzo lakini wenye ganda la kuzuia kutu, shaba ya milimita 16 za mraba ndiyo ya chini.

*Inamfaa nani.* Nyumba za kupangisha, kliniki, shule, hoteli ndogo, duka la jumla. Karibu kila jengo linalolishwa kutoka transfoma ya mtaa.

### Fimbo na udongo wetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu anaweza kufanya kila kitu sawa kisha udongo ukamwangusha.

Nakuru imekaa juu ya majivu na mawe mepesi ya volkeno. Maji ya mvua hupita humo kama kwenye chujio, na udongo mkavu wa aina hiyo haupitishi umeme vizuri. Fimbo moja fupi upande wa Kiamunyi haitoshi. Kisumu na uwanda wa Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi: ukiwa na unyevu ni mzuri sana kwa athi, lakini kiangazi hupasuka na nyufa huachana na fimbo. Ukielekea Maragoli na Kakamega unakutana na mawe makubwa ya matale, na nyundo inagonga mwamba kabla ya mita moja. Huko usilazimishe fimbo. Chimba mtaro ulaze ukanda wa shaba.

Fimbo ikiongezwa urefu mara mbili, ukinzani hushuka kwa takriban asilimia 40. Ukiongeza fimbo ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, la sivyo zinagombania udongo mmoja. Namba inayolengwa sana kwa nyutro ya jenereta ni omu 20 au chini. Pima Januari au Februari wakati wa ukavu. Kipimo cha Aprili, mvua ikinyesha, kitakufariji bure. Chumvi inayomwagwa shimoni huondoka na mvua na kuila fimbo. Na nondo ya ujenzi si fimbo ya athi, kutu itaimaliza.

Kupima ni kwa mita ya athi yenye vigingi. Ile taa ya majaribio, inayowashwa kati ya waya wa moto na fimbo, haithibitishi kitu. Balbu ya wati 60 huvuta robo ampia. Hata fimbo ikiwa mbovu kwa omu 100 inapoteza volti 25 tu, na balbu inawaka kama kawaida. Fimbo hiyo hiyo haiwezi kukatisha breka yoyote.

Kisii, Kericho na Kakamega radi si mgeni. Kama jengo lina kinga ya radi, fimbo yake iungwe na baa kuu ya athi. Mafundi wengine huzitenganisha wakidhani wanaiokoa jenereta, kumbe radi ikipiga, fimbo moja hupanda maelfu ya volti juu ya nyingine na cheche hupita ndani ya mashine.

## Njia ya tatu: nyutro inayoelea

Hakuna kiungo popote. Jenereta nyingi ndogo za kubebwa hutoka kiwandani hivi.

*Njia ya kurudi.* Haipo, na hiyo ndiyo kinga yake. Waya mmoja ukigusa bodi ya kifaa, umeme hauna pa kuzungukia, kwa hiyo aliyeshika hapati kitu cha kumdhuru kama nyaya ni fupi na kavu.

*Kukata.* Hakuna kinachokata kwenye hitilafu ya kwanza, wala hujui imetokea. Hitilafu ya pili ikija kwenye waya mwingine, volti 240 nzima inasimama kati ya vifaa viwili. RCD haikusaidii hapa, na kitufe chake kitakudanganya: ukikibonyeza itakata vizuri, kwa sababu kitufe hutumia moto na nyutro ndani ya RCD yenyewe, hakihitaji athi.

*Kinachoharibika.* Urefu. Mtu mmoja na msumeno mmoja, salama. Lakini nenda kwenye matanga usiku: mahema matatu, spika, friza ya soda, nyaya za kuunganishia zimelala kwenye nyasi zenye umande, watu wanazikanyaga. Hapo hitilafu mbili ni rahisi kupatikana.

*Gharama.* Karibu hakuna.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya kVA 2 au 3 inayolisha kifaa kimoja au viwili moja kwa moja, bila kuingia kwenye nyaya za jengo. Vyumba vya upasuaji navyo hutumia nyutro inayoelea, kwa makusudi, ili hitilafu moja isizime mashine mgonjwa akiwa mezani. Lakini huko kuna kifaa kinachopima ukinzani wa nyaya muda wote na kupiga kengele. Bila kengele hiyo, jengo lisiendeshwe hivi.

## Kulingana na hali yako

Una flati Kondele au Free Area, stima inatoka nguzo ya barabarani: njia ya pili, pamoja na RCD kwa kila nyumba. Bajeti ikibana, punguza ukubwa wa jenereta kabla hujapunguza poli ya swichi.

Una kiwanda au shule kubwa yenye transfoma yake: njia ya kwanza inakutosha, mradi kiungo cha jeneretani kimeondolewa na kile cha bodi kuu kimewekewa alama. Ukiwa na jenereta mbili zinazofanya kazi sambamba, mwite mhandisi; namna ya kufunga nyutro zake hubadilika.

Una kinyozi au duka dogo na mashine ya kubeba: ielee, ilishe kwa waya mfupi, ikae mahali pakavu. Siku utakayotaka iingie kwenye bodi ya nyumba kupitia chenjiova, haiwezi tena kuelea. Soma kitabu cha mashine uone kama inaruhusu nyutro kufungwa, kisha fuata njia ya pili.

Umenunua jengo, jenereta umeikuta, na hujui ilifungwaje: mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya. Azime mashine, achomoe betri isije ikawaka yenyewe, atenganishe kebo ya nyutro kwenye boksi la jenereta, kisha apime kati ya nyutro ya koili na fremu. Ikisoma karibu sifuri, kiungo kipo. Isiposoma, inaelea. Kutenganisha kebo ni muhimu, kwani nyutro ya pamoja inaweza kumwonyesha kiungo cha upande wa pili akadhani ni cha hapo. Halafu afungue chenjiova ahesabu poli. Poli tatu na kiungo jeneretani haviendi pamoja; kimojawapo kibadilishwe kabla ya mashine kuwashwa tena. Mwombe aandike kwenye kadi kiungo kilipo, omu za fimbo na tarehe aliyopima, aigandishe ndani ya mlango wa bodi ambapo fundi ajaye ataisoma kabla hajashika bisibisi.